Pikapu Inasema Tik-Tik, Wewe Unaongeza Redio

*Miezi minne, mafundi watatu na ugomvi mmoja mzito wa ndani ya nyumba. Chanzo kilikuwa kidogo mno, ila hatari yake haikuwa ndogo hata kidogo. Mhariri wetu anasimulia, na anakupa njia ya kuisikiliza injini yako kabla hujafungua pochi.*

Kuna wanandoa wanaogombana kwa sababu ya meseji za kwenye simu. Kuna wanaogombana kwa sababu ya mawifi. Sisi tuligombana kwa sababu ya sauti. Na sauti yenyewe wala haikuwa kubwa: tik, tik, tik, kama mtu anayegonga kucha kwenye sinia akisubiri chakula.

Ndinga inayohusika ni pikapu, dabo kabini, injini ya petroli ya silinda nne, tuliyoinunua ikiwa imeshatumika Japani. Siku za kazi inatupeleka mjini na kumwacha binti yetu wa miaka minne shuleni. Jumamosi inabeba chakula cha kuku kwenda Kibaha na kurudi na trei za mayai. Mshahara unalipa kodi ya nyumba na ada, ila boma letu la Kibaha limejengwa na yale mayai. Kwa hiyo likilala gari, kimelala kipato.

Wa kwanza kuisikia sauti nilikuwa mimi, maana asubuhi ndiye ninayewasha. Nilimwambia baba watoto. Akasikiliza kama sekunde tano hivi, akasema, "Hiyo kawaida tu, mama. Magari yote yaliyotembea yanalia hivyo." Kisha akaongeza redio.

Hapo ndipo tulipokosea. Nasema "tulipokosea" kwa sababu hata mimi baada ya wiki mbili niliizoea, nikawa naiongeza redio mwenyewe.

Mafundi watatu, majibu matatu

Sauti ilipoanza kusikika hata vioo vikiwa vimefungwa, tukaenda kwa fundi. Yule wa kwanza hakufungua hata boneti vizuri. "Oili nyepesi hiyo, bosi," alimwambia mume wangu. Akamwaga oili iliyokuwemo, akaweka nzito zaidi, na juu yake chupa ya dawa ya kutuliza kelele. Shilingi 140,000. Kelele ikawa ile ile. (Baadaye nilisoma kitabu cha gari: injini yetu inataka 5W-30, yeye aliweka 20W-50. Oili nzito kuliko inayotakiwa huchelewa kupanda juu asubuhi, wakati ambao vyuma vinaihitaji kuliko wakati mwingine wowote.)

Wa pili alisikiliza akasema, "Tapeti." Neno zuri, linasikika kitaalamu. Akafungua kifuniko cha juu, akapima nafasi za valvu, akabadilisha alichobadilisha na gasketi mpya juu. Shilingi 380,000. Tukaondoka tunacheka. Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi: tik, tik, tik.

Wa tatu alikuja na mashine. Akachomeka waya chini ya usukani, akatazama kioo, akasema mashine haioni tatizo lolote. Hapo nikafurahi. Lakini akaendelea: "Kama mashine haioni, basi ni ndani. Injini imechoka hii. Tafuteni nyingine ya mtumba kabla haijanoki." Bei aliyotaja ni milioni nne na laki mbili.

Msomaji wangu, tulikuwa nazo pesa hizo. Zilikuwa pesa za bati la Kibaha.

Usiku ule ndiyo ule. Yeye anasema injini kwanza, bila gari hakuna mayai, bila mayai hakuna bati. Mimi nasema siwezi kutoa milioni nne kwa sababu mtu ameangalia kioo akakosa jibu. Yakatoka na mengine ambayo hayakuhusu gari: nani alisaini manunuzi, mjomba wa nani alilisifia pale bandarini, nani kila siku analalamika. Tulilala mzungu wa nne.

Hilo la kulalamika ndilo lililoniuma, maana nilikuwa nalalamika kweli. Tangu mwezi wa pili wa ile kelele nilikuwa naumwa kichwa. Nikikaa kwenye foleni ya Mwenge, vioo juu, kichwa kinaanza kugonga na kichefuchefu juu yake. Nikifika ofisini, nikinywa maji na kutembea kidogo, kinaisha. Nilishamwambia mara tatu. Aliniambia nipunguze kukesha na simu.

Mzee wa Ilala

Jirani yetu ndiye aliyetutajia fundi mmoja wa makamo, ana gereji ya uchochoroni huko Ilala. Hana bango wala kompyuta. Tukaenda wote wawili, tumenuniana.

Shikamoo, marahaba, karibuni. Kitu cha kwanza alichofanya kilinishangaza: alikataa tuwashe gari. "Liacheni lipoe kwanza. Kelele ya baridi na kelele ya moto ni watu wawili tofauti." Akatuwekea benchi. Kisha akauliza, "Nani huwa analiwasha asubuhi?"

"Mimi."

"Haya shemeji, nieleze. Linalia wakati gani?"

Miezi minne, mafundi watatu, na hakuna aliyewahi kuniuliza swali hilo. Nikamweleza: linalia sana likiwa la baridi. Likitembea kama dakika kumi linatulia kidogo. Ukipandisha kilima na mzigo wa kuku linarudi kwa nguvu. Na sijui kwa nini, nikaongeza: "Na mimi kichwa kinaniuma nikiwa ndani."

Mzee akaacha kufuta mikono. "Kichwa? Kwenye foleni, au hata gari likiwa linakimbia?"

"Kwenye foleni zaidi."

"Umeshamwambia nani?"

Nikamwangalia mume wangu. Mume wangu akaangalia viatu vyake.

Jinsi alivyoisaka

Alichofanya baadaye kilichukua kama nusu saa, na spea hata moja haikununuliwa.

Kwanza akachomoa kijiti cha kupimia oili. Kiwango kipo. Pili, akawasha injini na kutazama taa ya oili kwenye deshibodi: ikawaka, ikazima mara moja, kama inavyotakiwa. Tatu, akachukua bisibisi ndefu, ncha kwenye chuma, mpini sikioni, akawa anahama nayo: kifuniko cha valvu, mbele kwenye cheni, pembeni kwenye nozeli moja moja. Akatikisa kichwa. "Kama ingekuwa tapeti, bisibisi ingenipigia sikio hapa juu. Huku kumetulia."

Kisha akaweka bisibisi chini na kuchukua kipande cha mpira wa maji, urefu wa mkono. Upande mmoja sikioni, mwingine akawa anaupitisha hewani karibu na mahali moshi unapotokea kwenye injini, bila kugusa chuma. "Bisibisi inasikia chuma," alituambia. "Mpira unasikia hewa." Alipofika silinda ya nne, ile ya mwisho kabisa karibu na kioo cha mbele, akanipa mpira. Nikasikia wazi: puf, puf, puf. Ile tik yetu, kumbe si kugonga. Ni kupumua.

Hakuishia hapo. Akachomoa waya wa koili ya silinda ya nne kwa sekunde chache tu. Injini ikaanza kutetemeka, na ile kelele ikafifia. Akairudisha, kelele ikarudi. Halafu kijana wake akaziba bomba la nyuma kwa tambara nene, kidogo tu, na pale pale tukasikia "fsss" upande wa mbele.

Tochi ikamaliza kazi. Nyuma ya manifoldi ya eksosi, mahali inapofungwa kwenye injini, palikuwa na masizi meusi yaliyochora kama ulimi wa moto. Bolti ya mwisho ilikuwa imekatika kichwa. Bolti za pembeni ndizo hukatika zaidi, alisema, kwa sababu manifoldi ikipata moto hutanuka, na ncha zake ndizo zinazosogea sana. Miaka ya kupata moto na kupoa, siku moja bolti inachoka.

Kwa nini watatu walipotea?

Hili nililifuatilia mwenyewe baadaye, na hesabu yake ni rahisi. Injini ikiwa sailensa, yaani inanguruma bila kukanyagwa, krenkshafti huzunguka kama mara 800 kwa dakika. Kamshafti, ambayo ndiyo inafungua valvu, huzunguka nusu yake, mara 400. Kwa hiyo tapeti moja iliyolegea itagonga mara 400 kwa dakika, karibu mara saba kila sekunde.

Sasa angalia na upande wa moshi. Silinda moja hutoa moshi mara moja katika kila mizunguko miwili ya krenkshafti. Mara 400 tena! Ndiyo maana moshi unaovuja kwenye silinda moja na tapeti moja mbovu vina mwendo ule ule masikioni. Fundi anayesikiliza akiwa amesimama atasema "tapeti" na ataamini anachosema. Na mashine ya kompyuta husoma vihisishi vya gari. Bolti haina kihisishi.

Tofauti inapatikana kwa kuuliza. Moshi unaovuja hulia zaidi injini ikiwa ya baridi, kwa sababu chuma kikipata moto hutanuka na kuziba kidogo ule mwanya. Hulia zaidi gari likibeba mzigo. Na ukizima moto wa silinda husika, hufifia. Tapeti haijali koili imechomolewa au la. Inaendelea kugonga.

Tik ipi ni ipi?

Kata ukurasa huu uweke kwenye droo ya gari.

*Kelele ya sekunde chache baada ya kuwasha asubuhi, kisha kimya.* Mara nyingi ni oili iliyoshuka usiku na sasa inapanda. Ikizidi muda, pima oili.

*Tik nyepesi kutoka juu, injini ya baridi au ya moto.* Pima oili kwanza. Injini zenye tapeti za haidroliki hutegemea oili kujaza nafasi; ikipungua au ikizeeka, zinagonga. Kwenye injini nyingine nafasi hupimwa kwa vile vibati vyembamba, na ni ndogo kweli: nyingi za petroli hucheza kwenye milimita 0.2 hadi 0.3.

*Tik ya baridi inayotulia ikipata moto na kurudi kwenye kilima.* Shuku manifoldi ya eksosi, gasketi yake na bolti zake. Tafuta masizi.

*Tik-tik-tik za haraka, laini, zilizo sawasawa.* Mara nyingi ni nozeli zinafanya kazi yake. Kwa bisibisi, zote zinatakiwa kulia sawa.

*Tik iliyoanza baada ya kubadilisha plagi.* Huenda moja haikukazwa, na mgandamizo unatoka pembeni yake.

*Mchakacho wa bati.* Angalia kinga ya joto juu ya eksosi. Skrubu moja inaweza kukumalizia kesi.

*Mchakato kama mnyororo, upande wa mbele, wakati wa kuwasha.* Cheni ya taimingi. Usiiahirishe.

*Mgongo mzito, wa chini, unaoongezeka ukikanyaga mafuta.* Hii si tik tena. Inaweza kuwa beringi za konrodi. Zima, ita gari la kuvuta. Zima pia papo hapo kama taa ya oili imewaka ukiwa njiani. Usiseme "nifike tu pale mbele". Injini nyingi zimenoki katika huko "pale mbele".

Kilichotunyamazisha

Turudi Ilala. Mzee alifungua manifoldi, akachomelea nati kwenye kile kisiki cha bolti kilichobaki ndani ya injini, akakizungusha kwa spana taratibu mpaka kikatoka. Bolti mpya zote, gasketi mpya, na oili sahihi. Jumla shilingi 190,000. Wakati anafunga, alituonyesha kitu ambacho hatukukitegemea: umbali kati ya ile bolti ya nne na tundu linaloingiza hewa ndani ya kabini, chini ya kioo cha mbele. Ni kama shubiri tatu.

Gari likikimbia, upepo unaufagia moshi. Likisimama kwenye foleni, feni ya kabini inauvuta ndani.

Moshi wa petroli una kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu. Ikiingia mwilini inashika nafasi ya oksijeni kwenye damu. Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu, na kawaida ya dalili hizo ni kupungua ukitoka kwenda kwenye hewa safi. Sawasawa na mimi na foleni yangu ya Mwenge. Ikizidi, mtu hulala, na ikizidi zaidi haamki. Watoto huathirika haraka kuliko watu wazima.

Hapo mume wangu akauliza kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo mtoto..."

Binti yetu alikuwa analala kila asubuhi kwenye siti ya nyuma kabla hatujafika shule. Kila asubuhi. Tulikuwa tunafurahi, tunasema afadhali amelala, hatusumbui. Watoto hulala kwenye magari, najua. Huenda ulikuwa usingizi tu. Lakini sote wawili tulikuwa tunawaza kitu kimoja, na hakuna aliyekisema mpaka tulipofika nyumbani. Kesho yake tulimpeleka hospitali, daktari akamwangalia, mzima. Siku hizi asubuhi anaimba njia nzima mpaka tunamwomba apumzike.

Kama una dalili hizi ukiwa garini, usisubiri kuwa na uhakika. Fungua vioo, simama, shukeni wote, na gari lisipande mtu tena mpaka eksosi ikaguliwe mbele mpaka nyuma. Anayezidiwa apelekwe hospitali, na daktari aambiwe kuhusu gari. Na usiwahi kuwasha gari ndani ya gereji ya nyumbani iliyofungwa, hata kwa dakika mbili za kupasha injini.

Kabla hamjafungua pochi

Mambo haya yangetuokolea shilingi 520,000 na usiku kadhaa wa kupeana mgongo:

1. Anza na cha bure. Oili, taa ya oili, masizi, skrubu zilizolegea. Kisha nenda kwenye vya bei ndogo. Injini ya mtumba ni swali la mwisho kabisa.

2. Andika kwa wiki moja: linalia lini, baridi au moto, tambarare au mlimani, na mzigo au tupu. Rekodi kwa simu boneti ikiwa wazi. Karatasi hiyo ina thamani kuliko "fundi, linalia tu".

3. Anayeliendesha ndiye aeleze. Kama ni mkeo, mkeo aende gereji. Kaka zangu, fundi akikugeukia wewe wakati dereva ni yeye, mwambie amuulize yeye.

4. Muulize fundi swali moja: "Umejuaje?" Fundi mzuri atakuonyesha. Anayekasirika, shukuru na uondoke.

5. Kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha vitatu pamoja na kelele ikaisha, hutajua ni kipi, na umelipia vyote.

6. Chochote ambacho mwenzako anakisema mara tatu, kichukulie kama taa nyekundu ya deshibodi.

Hilo la sita sikuliandika mimi. Lilitoka kwa mume wangu, alipokuwa anasoma makala hii juu ya bega langu. Aliniomba msamaha kwa mtindo wa wanaume wa nyumbani kwetu: hakusema samahani, ila Jumamosi iliyofuata alikwenda Kibaha peke yake na kuku wake, akaniacha nilale. Bati lilipigwa mwezi wa nane. Siku hizi akirudi jioni, kabla ya kuuliza kuna nini mezani, huuliza, "Kichwa vipi leo?"

Basi kesho asubuhi, ukishawasha gari, usiguse redio kwanza. Zima feni, shusha kioo, msikilize mpaka sekunde thelathini ziishe. Na kama mwenzako yupo pembeni, muulize na yeye anasikia nini.